Vumbi la Nani?

Jumapili, 25 Januari 2026

Dayari hii si takataka. Naandika ili kuthibitisha hilo tu. Leo Khawla, mke wangu, amefungua kabati langu na kuzivuta nje dayari zote nilizokuwa nikipewa ofisini kila mwaka – majalada ya ngozi, herufi za dhahabu, ndani nyeupe pee. Akauliza kama nazifuga ili zizae. Nikasema karatasi nzuri namna hii haitupwi. Akasema basi iandike. Haya, naandika! Tarehe zilizochapwa humu ni za mwaka uliokwisha zamani. Nazikata kwa kalamu, naweka za leo.

Chanzo ni mwezi wa Shaaban. Ramadhani ikikaribia, wanawake wa ukoo wetu hushikwa na kitu. Mapazia yanashushwa, mazulia yanatolewa uani, makabati yanageuzwa matumbo nje. Miaka yote nilikuwa natoka asubuhi kwenda wizarani, narudi nyumba inang'aa, nami nadhani inang'aa yenyewe. Mwaka huu nimestaafu. Nipo. Kila nikikaa naambiwa ninyanyue miguu.

Kuna na jambo jingine, naliandika kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Tangu binti yetu Lujain aolewe, Khawla analala chumba cha Lujain. Mwanzo alisema ni kifua tu, chumba chetu kinamkohoza, atalala huko siku mbili tatu. Ukahama mto. Likahama blanketi. Juzi nikaona na ile saa yake ndogo ya kuamshia haipo tena kando ya kitanda. Mtu aliyehamisha saa hana haraka ya kurudi.

Namkumbuka, na yuko mlango wa pili. Aibu gani hii!

Jumatatu, 26 Januari

Hospitali. Mimi dereva, Lujain msemaji, Khawla mgonjwa asiyetaka kuwa mgonjwa. Daktari wa kifua kasema ni vumbi. La ndani, si la barabarani. Mazulia, mapazia mazito, vitu vilivyorundikwa, madirisha yasiyofunguliwa mwaka mzima kwa ajili ya kiyoyozi. Atumie dawa ya kuvuta, na chumba kisafishwe hasa, si kupanguswa juu juu.

Lujain akaomba na mimi nipimwe presha, maadamu nimekaa bure. Iko juu. Daktari akauliza nafanya nini siku nzima. Nikasema nimestaafu. Akasema hilo si jibu la swali lake. Kijana mdogo kabisa!

Njiani kurudi nyumbani Bawshar, hapa Maskati, tukagombana kistaarabu: vumbi la nani? Khawla anasema ni langu, la kiti changu cha ofisini na zile ngao za shukrani nilizopewa kila semina, zimejaa juu ya kabati. Nikasema hapana, mama, ni la makatoni yako ya Tabora.

Maana Khawla kazaliwa Tabora, akaja huku Omani msichana, na mdogo wake Jaifar yuko huko hadi leo na ukoo mzima. Basi kila kitu kizuri ambacho hatukitumii, na kila kitu cha bei rahisi anachokiona soko la Hamriya, "hicho cha Tabora." Kinaingia katoni, mkanda, kalamu nene: TABORA. Kinangoja msafiri au kontena. Stoo ilijaa. Chumba cha wageni kikajaa. Sasa yamepangwa chumbani kwetu kutoka sakafuni hadi karibu na kiyoyozi. Usiku nikigeuka kushoto nasoma Tabora, nikigeuka kulia Tabora. Nalala stesheni.

Lujain, kiti cha nyuma, kasema vumbi halina pasipoti, sote wawili tusafishe. Tulimnyamazia sote wawili. Hapo tu ndipo tulipokubaliana.

Jumatano, 28 Januari

Nimeanza. Peke yangu! Nia yangu naijua mwenyewe: chumba kiwe safi, Khawla arudi. Simwambii. Nikimwambia atarudi kwa kunionea huruma, na huruma siitaki.

Nikavaa fulana ya zamani, nikaingia chini ya kitanda na mashine ya kuvuta vumbi. Nikiwa humo, nusu ndani nusu nje, nikasikia ukelele. Truphena. Huyu ni Mkenya, mfanyakazi wetu wa nyumbani, ndiye mwenye nyumba hasa ukitazama mambo yalivyo.

"Baba! Kwani nimekosea wapi?"

Nikasema hujakosea popote, nasafisha tu. Hakuniamini. Katoka mbio, nikamsikia jikoni anampigia simu rafiki yake Ann kwamba hapa kazi imeisha, mzee ameshika mashine mwenyewe, huenda hata visa hawatarinyuu. Khawla ikambidi aende kumbembeleza. Akarudi naye, Truphena amekunja mikono.

"Sasa Baba akifagia, mimi nitakuwa nafanya nini hapa? Kutazama?"

Tumefikia mapatano. Chumba changu ni changu, nyumba iliyobaki ni yake, na mimi nisiguse jikoni hata kijiko. Kanipa barakoa na aproni ya maua. Nimeivaa. Wafanyakazi wangu wa zamani wasijue kamwe.

Chini ya kitanda: soksi za enzi, tasbihi niliyomsingizia kaka yangu Majid kuichukua, na vumbi lililoshikana kama pamba ya mto. Lile rundo lilinitia hofu kidogo. Tumekuwa tukilivuta hilo.

Mgongo unauma. Lakini nimekula chakula cha mchana kwa njaa ya kweli, jambo ambalo halijatokea tangu nistaafu. Na usingizi umenichukua mapema kabla sijaanza kuhesabu matofali ya dari.

Ijumaa, 30 Januari

Majid kaja kula baada ya sala, kutoka kwake Azaiba, na mkewe Shatha. Akapita chumbani kunisalimu, akanikuta juu ya ngazi napangusa feni. Alicheka hadi akakaa juu ya katoni ya Tabora. Ikabonyea. Ndani kuna vyombo vya plastiki, alhamdulillah.

"Mkurugenzi! Ndiyo umepandishwa cheo hivi?"

Nikamwambia ajaribu, damu inatembea. Akasema damu yake inatembea vizuri akiwa amelala. Halafu akapunguza sauti. Kwake ni hivyo hivyo. Shatha naye ana Tabora yake, imefika hadi gereji, gari analaza nje. Kasema nikipata pa kuyapeleka makatoni, nimshtue.

Jumamosi, 31 Januari

Siku kubwa. Nimemshawishi Khawla tufungue makatoni. Kavaa barakoa mbili, kakaa mlangoni kwenye kiti, mimi nafungua, yeye anatoa hukumu. Kila kitu: "Hicho kizuri." Vikombe vya kahawa, seti baada ya seti – vizuri. Mashuka – mazuri. Pasi isiyofanya kazi – "Tabora wana mafundi."

Halafu nikatoa gauni la mtoto. La manjano, na riboni. Khawla akanyoosha mkono akalichukua.

"Hili la Aya," akasema. "La Idi."

Aya ni binti wa Jaifar. Nikauliza Idi ya lini. Akazinyoosha riboni. Nikapiga simu ya video Tabora, tuulize moja kwa moja, maana nimechoka kubahatisha. Jaifar kapokea yuko barazani, anafurahi. Dada! Shemeji! Khawla akamwonyesha gauni, akauliza Aya anavaa saizi gani siku hizi.

Jaifar akaigeuza simu. Aya huyo, mtu mzima, ananyonyesha.

Khawla kacheka! Kacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi machozi, na mwishoni sikujua tena machozi yalikuwa ya nini. Nikampelekea maji. Alikuwa amelikumbatia gauni.

Jaifar alingoja atulie. Kasema kwa adabu zote kwamba wanashukuru mno, lakini jamani, vikombe basi. Wana kabati zima la vikombe vya kahawa vya kutoka Maskati na wao ni watu wa chai. Kisha, kwa kigugumizi, akaonyesha chumba chake cha uani: madumu ya asali, mikeka, vinu, vyote vimefungwa, vyote vimeandikwa MASKATI. Vinangoja msafiri. Mkewe kashindwa hata kufungua dirisha.

Tulitazamana mimi na Khawla.

"Dada, njoo wewe mwenyewe," kasema Jaifar. "Wacha makatoni yapumzike."

Khawla kasema inshallah, kifua kikipoa. Simu ilipokatika akalikunja gauni juu ya magoti. Kisha:

"Zahor, nlikuwa nkinunua kitu, naona kama nmekwenda kidogo."

Nilikaa naye sakafuni, juu ya vumbi letu, nikamshika mkono. Miaka yote nimeyatukana makatoni haya, na kumbe alikuwa anasafiri.

Mwishowe kasema yaondoke, khalas. Yote isipokuwa moja. Gauni la manjano limerudi ndani, maana mtoto wa Aya ni wa kike, na atakua. Nikafunga mkanda mwenyewe. Nikaandika TABORA mwenyewe.

Jumanne, 3 Februari

Safari za Hamriya, kwa wakala wa kontena. Nimebeba, nimeshusha, nimetokwa jasho mwezi wa Februari! Mashuka na nguo nzuri kwenda Tabora. Vikombe Truphena kavichukua kwa ajili ya kanisa lao, wao hunywa chai baada ya ibada na vikombe huwa havitoshi. Kaniambia: "Baba, Mungu akubariki, na usirudishe mashine mahali si pake." Pasi mbovu nimeitupa. Nilitazama nyuma mara moja.

Chumba kina sakafu! Nimezunguka kitanda changu pande zote kwa miguu, kama mtu aliyeingia hoteli. Lujain kaja na kipimo, presha imeshuka kidogo. Anasema ni kubeba na kupanda ngazi. Nasema ni kuacha kusoma Tabora usiku.

Nilikuwa napiga mluzi nikipangusa ukuta. Khawla kapita kwenye ukumbi, kasimama, kasikiliza, kaenda zake. Nimemwona.

Alhamisi, 5 Februari

Leo ndiyo leo!

Zulia limeoshwa, shuka jipya, mito imepigwa juani, vioo, swichi, hata miguu ya kitanda nimeifuta. Baada ya Magharibi nikafanya kile ambacho mwanamume yeyote wa ukoo wetu angefanya akimkaribisha mkewe. Nikatoa chetezo. Nikawasha makaa. Nikaweka udi ule mzuri, wa harusi ya Lujain, si ule wa kila siku. Na kwa kuwa chumba kimekuwa kikubwa, nikaongeza. Nikafunga mlango harufu ishike. Nikatoka, nikavaa kanzu safi, nikaenda kumwita.

Khawla kacheka, katania kidogo ("Leo kuna nini, mzee?"), kanifuata. Nilifungua mlango kama mtu anayefungua sherehe.

Moshi ulitoka kutusalimu.

Alikohoa kuanzia hapo mlangoni hadi jikoni. Truphena akakimbia na dawa ya kuvuta. Lujain kwenye simu anapiga kelele: "Baba, umefukiza? Kwenye chumba cha mgonjwa wa kifua? Baba!" Na mimi nimesimama na kanzu yangu, nanukia vizuri sana.

Kalala chumba cha Lujain.

Ijumaa, 6 Februari

Sina la kuandika. Ngao zinanitazama.

Jumapili, 8 Februari

Nimekaa kwenye kiti changu cha ofisini katikati ya chumba kitupu, nimekinusa. Nikaenda nikanusa pazia. Nikanusa ndani ya kabati, godoro, hata ile kofia iliyo kwenye msumari. Moshi wa miaka! Kila nikihisi chumba kinanuka vumbi, nilikuwa nafukiza. Khawla akikohoa, nafukiza zaidi, ili apate hewa nzuri. Hakuna aliyeniambia kwa kuwa nani humwambia mtu aache udi? Hata yeye hakusema. Anaupenda pia.

Kwa hiyo vumbi lilikuwa la Khawla na moshi ulikuwa wangu. Siku ya hospitali nilimsema njia nzima.

Mapazia mazito nimeyashusha. Nikamwomba Khawla ruhusa ya kuweka yale mepesi ya sebuleni, akasema weka. Sauti yake haikuwa na hasira. Chetezo kimekwenda barazani, tutafukiza nguo huko nje, upepo uchukue wake.

Kisha nikapanda ngazi kwenye ngao. Niliziosha moja moja nikizisoma. Kuna semina siikumbuki hata kidogo. Kuna moja inanisifu kwa jitihada katika mradi nilioupinga! Nilicheka peke yangu. Ofisi yenyewe wala siitamani. Niliogopa tu kwamba nikizitoa, nitakuwa mzee anayenyanyuliwa miguu wakati wa kufagia, basi. Ndiyo, niliogopa. Lakini mikono ilikuwa na sabuni, na jua liko dirishani, na hofu ikawa ndogo kuliko nilivyodhani.

Nimebakiza moja. Nyingine ziko ndani ya katoni. Sikuandika Tabora, msinicheke!

Kiti nimekitoa uani. Kinafaa kuvalia viatu.

Dirisha lilikataa. Limekaa limefungwa tangu tuhamie. Nililipaka mafuta, nikalisukuma kwa bega, Truphena akasukuma pamoja nami, likafunguka kwa kishindo. Upepo wa Februari ukaingia, na sauti ya magari, na adhana ikisikika kutoka msikitini kwenyewe, bila kioo kati. Nimesimama hapo muda mrefu kuliko haja.

Jumatano, 11 Februari

Ukaguzi. Khawla kaingia chumbani bila kuitwa. Alipitisha kidole juu ya kabati. Akakitazama. Akakipitisha nyuma ya kitanda, mahali ambapo hakuna mkaguzi wa haki anayepitisha kidole. Akavuta pumzi, polepole, akaishika, akaiacha.

Hakukohoa!

"Naona umefungua dirisha," akasema.

"Limefunguka," nikasema.

Akatoka. Nimebaki na tamaa na kitambaa cha kufutia.

Ijumaa, 13 Februari

Naandika nikiwa kitandani, sina mahali pazuri pa kuandikia, herufi zitaniwia radhi.

Tumekula samaki. Truphena yuko kanisani na vikombe vyake, ibada yao huku ni Ijumaa. Nimekuja kujinyoosha kidogo, nikasikia viatu ukumbini. Khawla, mlangoni. Mto wake kwapani.

"Nnajaribu tu," kasema. "Mchana tu. Nkikohoa nnaondoka."

Nikasema jaribu. Nilijifanya nasoma. Akaweka mto mahali pake pa zamani, akaupiga mara moja katikati kama anavyofanya siku zote, na mimi nusura nilie kwa kuuona mkono ule ukiupiga mto ule. Akalala. Pazia linapumua. Nilikuwa nangoja kikohozi, masikio yamesimama. Hakikuja. Baada ya muda ilikuja pumzi yake ya usingizi, ile yenye mluzi mdogo mwishoni. Nilikuwa nimeisahau. Kichwa chake kimeteleza hadi kwenye mkono wangu wa kushoto. Mkono umekufa ganzi. Naandika kwa wa kulia, dayari juu ya goti.

Si takataka dayari hii.

Kengele ya geti! Mara moja. Mara ya pili. Nikinyoosha shingo naona dirishani – hiyo ndiyo hasara ya dirisha kufunguka. Pikapu. Majid. Nyuma makatoni yamepanda juu kuliko kichwa cha dereva, na ninasoma kutoka hapa, kalamu nene, mwandiko wa Shatha: TABORA. Amesikia nina vyumba vitupu. Anaangalia juu. Ananipungia mkono!

Nimejishusha chini ya dirisha, kadiri mkono unavyoruhusu.

Simu inatetemeka kwenye meza. Sinyanyuki. Anapiga kengele tena, na sasa anaita jina langu, mtaa wote unajua kwamba Zahor anatafutwa. Khawla kakunja uso, hakuamka. Naomba asiamke. Akiamka atasema makatoni yaingie, ndugu ni ndugu. Au atasema yasiingie. Sijui, na sitaki kujua saa hizi.

Na sasa, kutoka chumba cha Lujain, ile saa ndogo. Trrrr! Ya kumwamshia Alasiri. Inalia huko peke yake, hakuna wa kuizima. Majid anaita, simu inatetemeka, saa inalia.

Khawla kafungua jicho moja. Kamsikia Majid. Kaisikia saa. Kanitazama, kalamu mkononi, nimejikunja chini ya dirisha la nyumba yangu mwenyewe.

"Zahor," kasema, na kulifunga lile jicho. "Si ukailete hiyo saa huku."

Majid atangoja. Naenda kuchukua saa.